Mkamwana wa Nyanya Robi

Nyanya Robi alizikwa Jumamosi iliyopita huko Kegonga, na waliosimama upande wa watoto wake walikuwa wanawake wawili ambao hakuwazaa: mimi, Mjaluo wa Lambwe, na Kulwa, Msukuma wa upande wa Magu, Tanzania. Mchungaji alipoita watoto wa marehemu, watu waligeuza shingo. Nyuma yangu nilisikia mwanamke akimwuliza mwenzake, "Hawa ni nani sasa, na huyu mama hakuwa na mtoto?" Mwenzake akajibu kwa sauti ya mtu anayefurahia kujua. "Huyo mnene ni mwalimu, alikuwa mpangaji wake zamani. Huyo mwembamba alikuwa mkamwana wake." "Alikuwa? Kwani mtu huacha kuwa mkamwana?" "Ngoja nitakuambia, hiyo ni maneno mrefu." Hakumwambia, maana wimbo ulianza na wote wawili walikuwa waimbaji. Mimi ndiye mnene, na maneno hayo marefu nitayasema mimi.

Baada ya mazishi tuliketi jikoni na Kulwa, tukila wali na nyama kwenye sahani moja kwa sababu sahani zilikuwa zimewaishia wageni. Alikuwa amevuka mpaka jana yake na mfuko wa mchele kichwani, mchele wa kwao, akisema Bibi hawezi kuzikwa kwa mchele wa dukani. Nilimwambia kwamba nimetaka kwa miaka mingi kuuandika mwaka ule tuliokaa pamoja. Alitafuna kwanza akamaliza. "Andika, dada. Lakini usimfanye Bibi mtu mbaya." Nikamwuliza, na watu wakisema kwamba alikununua? Akaniangalia kama vile mimi ndiye mwanafunzi. "Waambie Bibi hakununua. Bibi alioa. Aliyeuza ni mwingine."

Mwaka huo nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu, na kamati ya shule moja karibu na soko la Kegonga ilinipa kazi ya mkataba. Sikujua Kikuria isipokuwa salamu, na salamu yenyewe niliisema vibaya kiasi kwamba watoto waliniamkia mara mbili asubuhi ili waisikie tena. Nilipangishwa chumba nyumbani kwa Nyanya Robi, mjane aliyekuwa akiishi peke yake katika sehemu yake ya boma la marehemu mumewe. Chumba kilikuwa stoo ya tumbaku. Walikuwa wamekisafisha, wakapaka sakafu udongo mpya, wakaniwekea kitanda cha kamba na meza, lakini harufu ya majani makavu ilikuwa imeingia ukutani na haikutoka. Iliingia hata kwenye nguo zangu, na darasa la sita wakawa wananong'ona kwamba mwalimu wa Kiingereza anavuta kiko. Asubuhi baridi ya milima ile ilipita chini ya mlango. Mtu aliyekulia Lambwe, kwenye bonde la joto na mbung'o, huhisi baridi kama ile ni adhabu, na Nyanya Robi alinicheka wazi wazi. "Nyinyi Wajaluo damu yenu ni ya samaki," alisema. "Samaki akitoka kwa maji anatetemeka." Kisha akaniletea blanketi lake mwenyewe.

Kiswahili ndicho tulichozungumza, kila mtu kwa namna yake. Chake kilikuwa cha soko, hakina muda wa kupatanisha maneno, lakini hakikushindwa kusema lolote. Chakula cha jioni alinilazimisha nile naye. Ilikuwa ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, pamoja na kunde au maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu alichokifukiza kwa mkaa wa mti aliochagua mwenyewe. Alikula polepole akizungumza, na mara nyingi mazungumzo yaliishia pale pale: nyumba yake haina mtu. Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesema kwamba paa linavuja na fundi hajaja.

Wasomaji wasioijua desturi ya hapo wanivumilie niieleze taratibu, kwa sababu ukiielewa vibaya hutaelewa yaliyofuata. Kwa Wakuria, nyumba ya mwanamke ni zaidi ya kuta. Ina shamba lake, mifugo yake na jina lake ndani ya boma. Mama akizeeka bila mtoto wa kiume, nyumba hiyo inaweza kufungwa, na vilivyo vyake vikaenda kwa nyumba nyingine. Ili isifungwe, mama huyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, kana kwamba anamwoza mwana ambaye hakumzaa. Wanaiita nyumba mboke. Msichana anakuwa mkamwana, mwanamume huchaguliwa, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule mama mzee, ni wajukuu zake kabisa. Nimewajua wanawake watu wazima walioingia kwenye nyumba kama hizo kwa hiari yao, wakaishi vizuri na mama wakwe zao kuliko wengi wanaoishi na waume. Nimewajua na wengine ambao hawakuulizwa. Ninapofundisha vijana leo siwaambii kwamba wakubwa wao walikuwa wabaya. Nawaambia waulize maswali mawili tu: mhusika ni mtu mzima, na alikubali akijua anachokubali?

Mtu aliyemletea Nyanya Robi mkamwana aliitwa Masero. Alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu wa mnada wa Ogwedhi, mwenye kofia pana na kicheko cha kirafiki, na kila mtu alimjua kwa sababu kila mtu aliwahi kuuza ng'ombe kupitia kwake. Alikuja wakati mahindi yalikuwa yanafika magotini, na nyuma yake alitembea msichana aliyejitanda leso mpaka kwenye nyusi. Masero alisema ni mtoto wa dada yake, Mkuria wa upande wa Tarime, jina lake Boke. Baba amekufa, mama ni mgonjwa hatoki kitandani, kwa hiyo yeye kama mjomba ndiye atakayepokea ng'ombe. Wengi hudhani biashara ya watu huja na kamba na kufuli. Mimi niliyoiona ilikuja na mjomba aliyebeba kreti ya soda.

Mbuzi alichinjwa. Mzee Marwa, mdogo wa marehemu mume wa Nyanya Robi, alikula na wazee wenzake nje, na sisi wanawake tulikula jikoni. Msichana alipiga goti mbele ya Nyanya Robi akasema, "Shikamoo, Bibi." Nyanya Robi hakuwa na jibu la salamu hiyo, kwetu Kenya bara haitumiki sana, akasema, "Sawa." Wanawake wote wakacheka, na msichana naye akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Asubuhi Masero aliwaswaga ng'ombe wa Nyanya Robi kuelekea mpakani, akiimba. Nyanya Robi alisimama langoni akawaangalia wanyama aliowakuza mwenyewe tangu wakiwa ndama, mpaka walipopotea kwenye kona. Kisha akageuka akamwambia msichana, "Njoo nikuonyeshe mahali mayai iko."

Hivyo ndivyo alivyompenda, kwa kumwonyesha mahali pa vitu. Alimjengea nyumba ndogo upande wa pili wa uwanja, akaipaka ndani kwa udongo mweupe, na madirisha mawili badala ya moja kwa sababu msichana alionekana mtu wa kupenda mwanga. Alimpa kuku wa kwake. Alimsuka nywele Jumapili mchana wakiwa wamekaa kwenye mkeka, huku akimwambia habari za boma zima, nani mchoyo, nani mwizi wa kuni, nani ukimpa maziwa atarudisha kibuyu kikiwa kichafu. Msichana alisikiliza akisema, "Ndiyo, Bibi." Akitaka kitu alisema, "Naomba chumvi," "Naomba maji," kama wanavyosema Watanzania kwa adabu zao, na Nyanya Robi akaumia kila mara. "Mwalimu, mwambie huyu mtoto aache kuomba. Chumvi ni yake. Mtu anaomba kitu yake namna gani?" Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyoongea kwao. "Basi kwao kuna shida," alisema, na siku iliyofuata akaiweka bakuli ya chumvi mbele ya msichana kabla hata ya ugali kuiva.

Lakini hakuwa anakula. Aliumega ugali, akauzungusha vidoleni, akaurudisha. Nyanya Robi alijaribu kila kitu, ndizi za kuchoma, maziwa, hata nyama siku isiyo ya nyama. "Mtoto hakuli," aliniambia. "Nimempikia kama mgeni wa kanisa na hakuli." Nilipokwenda nyumbani wikendi moja nilipitia Homa Bay, nikarudi na gunia dogo la omena, wale samaki wadogo tunaokula sisi watu wa ziwa na ambao Nyanya Robi aliwaita misumari. Nilikuwa nimeketi nje ya chumba changu nikiwachambua nilipoona kivuli juu ya sinia. Msichana alikuwa amesimama hapo. Alichukua samaki mmoja, akamnusa. "Dagaa," alisema.

Akaketi bila kuambiwa akaanza kuwatoa vichwa kwa kidole gumba, kwa kasi ambayo mimi, niliyezaliwa karibu na ziwa, sikuweza kuifikia. Akawaosha kwa maji ya moto mara mbili, akawakaanga mpaka wakalia kwenye sufuria, ndipo akatia nyanya na kitunguu. Siku hiyo alikula. Nyanya Robi alikaa akimtazama kwa furaha kubwa, akaonja samaki mmoja kwa ajili ya heshima, akakunja uso. "Misumari na nyanya," alisema. Kisha akaniuliza, akimtazama bado, "Watu wa Tarime hula hii?" Nikasema labda, ziwa haliko mbali sana. Nilipotoka kuosha vyombo nilimkuta Nyanya Robi amesimama peke yake kando ya ghala, mikono nyuma.

Siku zikaenda, wimbi likaanza kukomaa, na Mzee Marwa akaanza kupita mara nyingi kuliko kawaida. Alikuwa amempata mwanamume wa kufaa. Alimsifia akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni na kikombe cha uji mkononi, bila kujali nani anasikia. "Mtu mwenye heshima, shemeji. Hapigi kelele. Ana watoto wanaume tupu, sasa hiyo ni ishara nzuri." Nyanya Robi akamwuliza kama anamwuzia mtu au fahali. Mzee akacheka mpaka uji ukamwagika. "Wewe utachagua mpaka wimbi ioze. Baada ya kuvuna, basi. Nyumba inangoja." Kupitia mlango nilimwona msichana ameinama juu ya jiwe la kusagia. Mikono yake ilikuwa imesimama. Alikuwa mdogo, na hilo nalisema wazi. Watoto wa darasa langu la nane walikuwa rika lake.

Hapa ndipo Nyanya Robi alipofanya jambo ambalo Masero hakulitarajia. Mama mkwe wake mwenyewe alimfundisha kwamba nyumba haiko tayari mpaka mama wa kijana amekula ndani ya nyumba ya mama wa msichana. Wazee wanaweza kupokea ng'ombe, alisema, lakini tumbo lililozaa ndilo linalotoa mtoto. Kabla ya kumwita mwanamume yeyote, ni lazima aende akamwone mama wa mkamwana wake, ale kwake, amshukuru. Alikuwa amemtumia Masero ujumbe mara kadhaa kupitia wafanyabiashara wa mnada. Majibu yalikuja: barabara imekatika, mama amehamishwa kwa ndugu, ngoja mvua iishe. Nyanya Robi alichoka kungoja. "Mgonjwa ndiye anaendewa haraka," alisema. "Tutaenda na wewe mwalimu shule ikifungwa, na huyu mtoto atatuonyesha njia." Akaanza kuandaa mizigo. Unga wa wimbi, kuku wawili, tumbaku kidogo kwa ajili ya bibi kama yuko.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Mimi nilikuwa nikisahihisha insha kwenye kona ya jikoni kwa sababu kulikuwa na joto la moto, msichana alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe, na Nyanya Robi alikuwa akisonga ugali. Alizungumza bila kugeuka. "Nitanunulia mama yako blanketi sokoni. Mgonjwa anahitaji blanketi. Yeye anapenda rangi gani?"

Nyanya Robi akasonga mara kadhaa zaidi. "Ama hapendi blanketi? Wengine wanapenda shuka. Niambie tu, usiogope, si mali nyingi."

Ndipo maharagwe yakamwagika. Msichana alikuwa ameweka uso kwenye magoti. Nilidhani ameumwa na nge. Nilimshika, akanikamata mkono kwa nguvu, na akasema, si kwangu bali kwa mgongo wa Nyanya Robi, "Bibi, mama yangu haumwi. Mama yangu hajui nilipo."

Nyanya Robi aliipua sufuria akaiweka chini. Akaketi juu ya kuni. "Sema pole pole," alisema. "Kiswahili yako inakimbia."

Akasema pole pole. Hakuwa Boke, na hakuwa Mkuria. Jina lake ni Kulwa, kwa sababu ni pacha, na pacha wake ni Doto. Masero si mjomba wake. Alikuja kijijini kwao karibu na Magu kununua ng'ombe, akakaa kwa jirani, akamwambia mama kwamba kuna duka Musoma linatafuta msichana mwaminifu wa kuuza, na kwamba atamsomesha ushonaji. Mama akafurahi, akampikia Masero kuku. Walipofika Musoma hawakushuka. Mpakani alimwambia atembee nyuma yake kwenye njia ya ng'ombe na asiseme neno. Njiani karibu na Kegonga ndipo alipomweleza kwamba ameshatolewa aolewe. Akisema jina lake, polisi wa Kenya watamfunga kwa kukosa karatasi. Akikimbia, yeye Masero atarudi Magu, na safari hiyo atamchukua Doto.

"Kwa hiyo nikanyamaza," alisema Kulwa. "Nilidhani nikinyamaza mimi, Doto atakaa."

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku hiyo. Nimejifunza jina rasmi la jambo lile, usafirishaji haramu wa binadamu, na nimejifunza kulieleza kwa wazazi kwenye mikutano ya shule hapa Lambwe. Wengine husema, kama hakufungwa mbona hakutoroka? Huwaambia habari za Doto, bila kumtaja. Huwaambia kwamba mtu huweza kufungwa kwa kamba ya mtu mwingine anayempenda, naye akawa anachota maji na kulisha kuku, na majirani wakamsifia kwa adabu. Siku hizi wajomba hawa huja kwa simu, na duka limehama kutoka Musoma likaenda nchi za ng'ambo, lakini namna ni ile ile: kazi nzuri, haraka, na usimwambie mtu mpaka mambo yakamilike. Mzazi anayetaka kumlinda mtoto wake si lazima ajue sheria zote. Aombe tu kwenda kuona, kama Nyanya Robi alivyoomba kwenda kuona.

Nyanya Robi aliuliza jambo moja. "Mama yako anajua uko hai?"

"Sijui, Bibi."

Alitazama nje kupitia mlango, nami nikaanza kuogopa. Mtu anaweza kupenda na bado ashike anachokipenda kwa mikono miwili, na yeye alikuwa na kila sababu ya kushika. Ng'ombe walikuwa wameondoka. Umri ulikuwa umeondoka. Ile nyumba ya udongo mweupe ilikuwa inaonekana kutoka pale alipokaa. Alichukua sahani, akaipakulia ugali na maziwa, akaiweka mbele ya Kulwa. "Kula kwanza," alisema. "Safari hatufanyi na njaa."

Mzee Marwa alizisikia habari kabla ya kesho yake kwisha. Akaja na wazee wawili, wakaketi kivulini kando ya ghala, na Nyanya Robi akawapelekea uji kama kawaida. Mimi na Kulwa tulikuwa jikoni. Walizungumza Kikuria, na Mzee Marwa alipotaka tusikie aligeukia Kiswahili. "Shemeji, hizo ng'ombe zilikuwa za ndugu yangu. Msichana akienda, ni nani atazirudisha? Masero? Huyo sasa hivi ako Tanzania anakunywa soda. Huyu mtoto hana makosa, sawa. Lakini ameshakula hapa. Nyumba imejengwa. Mwache akae, atazoea. Si wote walizoea?"

"Wewe ulizoea nini?" Nyanya Robi akamwuliza.

"Mimi nilizoea wewe," alisema Mzee Marwa, na wenzake wakacheka, hata yeye mwenyewe akacheka kidogo, kwa sababu walikuwa wamegombana na kupatana kwa miaka mingi.

Nyanya Robi hakucheka. Alizungumza Kiswahili, na tangu siku hiyo nimeamini alikichagua ili Kulwa asikie. "Siku ile mlikula mbuzi yangu. Mimi pia nilikula. Kuna mtu aliuliza shangazi ya msichana ako wapi? Kuna mwanamke yeyote alimleta, hata wa kushika mkoba? Ng'ombe tunaiuliza imetoka kwa nani, mama yake ni gani, imewahi kuugua. Huyu hatukuuliza. Tulifurahi haraka." Akamgeukia Mzee Marwa. "Sasa nikikaa naye, akizaa, huyo mtoto atakuja kuniuliza, nyanya, kwa mama tunaenda lini? Nitamwambia nini? Hiyo si kufungua nyumba, Marwa. Hiyo ni kuweka mtu ndani na kufunga."

"Na nyumba yako?"

"Ni yangu. Wacha mimi nihangaike nayo."

Mzee Marwa alikunywa uji wake mpaka mwisho. Kisha akasema kitu kwa Kikuria, akaondoka. Nilimwuliza Nyanya Robi amesema nini. "Amesema barabara ya Sirari ina matope, tuvae viatu ya mpira," alisema. Siku ya safari Mzee Marwa alitubebea kuku mpaka barabarani. Kabla ya kuondoka tulikwenda kwa chifu, Kulwa akaeleza mwenyewe huku Nyanya Robi amemshika bega, na polisi wakaanza kumtafuta Masero. Ilichukua muda. Alipokamatwa ilikuwa kwa ajili ya wasichana wengine, aliokuwa amewapeleka kufanya kazi bila malipo kwenye vibanda vya chakula ufukweni, upande wetu wa Homa Bay. Kulwa alirudi kutoa ushahidi. Ng'ombe hawakupatikana.

Kijiji chao kilikuwa tambarare, na nyumba ya mama yake ilikuwa na mti wa mpapai mlangoni. Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Aliyetuona kwanza alikuwa Doto, na kwa muda nilidhani Kulwa ametutangulia kwa njia nyingine, walivyofanana. Doto aliangusha ndoo. Mama akatoka na mwiko mkononi, na sitaandika walivyoshikana, kwa sababu ni mali yao. Mimi na Nyanya Robi tulisimama kando na kuku wetu kama watu waliokosea nyumba.

Mwishowe mama akatugeukia. Alimtazama yule mwanamke mzee mwenye masikio yaliyotobolewa matundu makubwa, na vumbi mpaka magotini. "Karibuni. Na nyinyi ni akina nani?"

Nilifungua mdomo nieleze, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nyanya Robi akaniwahi. "Mimi ni mama mmoja wa Kenya," alisema. "Mtoto wako alikuwa kwangu. Hakuna mtu alimguza. Nimemleta."

Tulikula kwa huyo mama. Ilikuwa ugali mweupe na samaki wakubwa wa ziwa, na Nyanya Robi alikula mpaka mwisho, hata kichwa, akisema huyo ndiye samaki, si misumari ya mwalimu. Tulilala huko, na asubuhi baada ya chai mama alileta maneno ambayo nadhani hayakumpa usingizi. Alisema hana ng'ombe wa kulipa. Hata akiuza shamba hatafika. Nyanya Robi alimsikiliza mpaka akamaliza. "Mimi sikukupa kitu," alisema. "Utanirudishia nini?"

Wakati wa kuondoka, kama ilivyo adabu, walitusindikiza. Mama na Doto waliishia kwenye mpapai, lakini Kulwa akaendelea, ameushika mkono wa Nyanya Robi, akimwuliza nani atamchotea maji, na yule kuku mwekundu ametotoa, na asisahau kuwafungia. Tukapita shamba la kwanza, tukapita la pili. Barabara kuu ilikuwa ikionekana. Nyanya Robi akasimama.

"Rudi sasa," alisema.

"Nitakufikisha barabarani, Bibi."

"Hapana. Ukinifikisha barabarani utanipandisha gari, na ukinipandisha gari mimi nitakushika. Najijua. Rudi, mama yako anatazama."

Kulwa akapiga goti pale pale kwenye mchanga akasema shikamoo, ingawa haikuwa wakati wa salamu, na Nyanya Robi akamwekea mkono kichwani. Akaondoa mkono akaanza kutembea, na mimi nikamfuata na mkoba.

Alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Hakugeuka. Baada ya kitambo akaniuliza, uso ukitazama mbele, "Ameenda?"

Nikageuka. "Anaenda."

Tukatembea tena. "Mwangalie tena, mwalimu. Wewe una macho."

Nikamwangalia. Kulwa alikuwa amefika uani, na pale mlangoni walikuwa wamesimama pacha wote wawili, sasa sikuweza kujua yupi ni yupi.

"Amefika," nikasema.

"Sawa," akasema Nyanya Robi, na hapo ndipo akaniruhusu nimshike mkono.